Nyekundu Ikipungwa

Treni ya Mpanda nimeiendesha mpaka ng'ombe wa njiani wananijua kwa honi. Na sheria yetu madereva haina mjadala: mtu akikupungia kitu chekundu kando ya reli, unasimama. Huulizi ni nani. Huenda daraja limeondoka na maji. Na ukishasimama, huondoki mpaka yule aliyekusimamisha akuonyeshe kijani.

Tatizo, wananchi nao wanaijua sheria hiyo. We acha tu! Aliyechelewa stesheni anapanda bodaboda, anatuwahi mbele, anavua fulana nyekundu, anapunga. Mfugaji anayevusha ng'ombe anapunga shuka. Siku moja nilisimamishwa na bwana harusi aliyetaka picha na treni. Nilimtukana mpaka bibi harusi akaziba masikio, lakini nilisimama.

Bosi wetu akachoka na ucheleweshaji, akaniita. "Mzee, ukisimama tena ovyo, unashuka kwenye injini moja kwa moja. Utafagia stesheni."

Mimi nina watoto shuleni, na kufagia sijui. Nikamuuliza, "Nisiposimama, na kumbe daraja halipo?"

"Tumia akili."

Akili! Sheria inasema simama, bosi anasema akili, na mahakamani nitaenda peke yangu. Nilitoka pale nimekasirika mpaka chai ilinishinda.

Safari iliyofuata akapanda mwenyewe kwenye injini anichunge, na suti yake na miwani ya jua. Tumetoka Mpanda, hata mwendo haujakolea, mbele naona khanga nyekundu inapungwa kwa nguvu zote.

"Usisimame!" bosi akafoka.

Nikawaza watoto wangu, nikawaza ufagio, nikawaza na wale abiria wote nyuma yangu. Nikafunga breki. Nikajua basi, kazi imeishia hapo.

"Umejimaliza mwenyewe," akasema, akachungulia dirishani amwone mhalifu. Mara nashangaa mtu mzima amechuchumaa sakafuni, suti na yote, kichwa kiko karibu na buti zangu.

Nje alisimama mama mmoja wa Kisukuma, ana kikapu cha mboga na gunia la mchele.

"Samahani mwanangu, nimechelewa," akaniambia. "Mkwe wangu ni mkubwa wenu huko relini. Aliniambia nikichelewa nipunge tu nyekundu, mtasimama."

Loo! Kwa hawa wenzetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Ni aibu kubwa, na suti haisaidii kitu.

"Ondoa treni," bosi akanong'ona kutoka chini.

"Siwezi, bosi. Nyekundu bado inapungwa."

Kweli ilikuwa inapungwa. Mama alikuwa anajipepea nayo, jua lilikuwa kali. Sitadanganya, nilifurahi mpaka nikaogopa nitacheka.

"Mama," nikamwita, "tuonyeshe kijani basi, tuondoke!"

Akapekua kikapu bila haraka, akainua fungu la matembele juu ya kichwa chake, kisha akajitwika gunia akaelekea kwenye mabehewa. Sheria imetimia. Nikapiga honi, nikashika mpini.

"Subiri kwanza," sauti ikatoka sakafuni, ya upole kabisa. "Hakikisha mama amepata siti."