Sketi za Nyasi Siku ya Sabasaba

Nilikuwa nafundisha darasa la kwanza huko Iyula, Mbozi, wakati afisa utamaduni alipokuja kutufundisha utamaduni wetu. Alitokea mjini, amevaa suti ya kaki iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, na hakujua hata neno moja la Kinyiha. Sabasaba ilikuwa inakaribia. Alitaka watoto wangu wacheze ngoma mbele ya wageni wa chama.

"Mwalimu, watoto hawa wanajua mila zao?" aliniuliza.

Nikamwambia awaulize wenyewe. Msichana mmoja, mtoto wa mkulima wa kahawa, akasimama.

"Kwetu tukivuna ulezi, babu anaonja kwanza. Sisi tunakula baadaye."

"Huo ni ushirikina," afisa akasema. "Kaa chini."

Mwalimu mkuu, ambaye babu yake mwenyewe alikuwa akionja ulezi hivyo hivyo, akaitikia kwa kichwa kama mjusi juani. Nilimdharau kuliko mgeni, maana mgeni angalau alikuwa hajui.

Kisha afisa akatoa mila aliyokuja nayo: sketi za nyasi, majivu usoni, matumbo wazi, na kurukaruka kwa mayowe. Aliiita ngoma ya mababu. Mababu wa nani, hakusema.

"Ndugu afisa," nikamwambia, "mwezi wa saba Mbozi ni baridi. Hata wazee wetu hawakutembea hivyo."

Akanijibu kwamba nina kasumba ya kikoloni.

Siku yenyewe ukungu ulikaa hadi jua lilipopanda. Wageni wa chama walikuwa wamejifunga makoti. Watoto wakaruka mbele yao, midomo imepauka, meno yakigongana, nao wageni wakapiga makofi. Mama wa yule msichana akatoka kati ya watu, akavua khanga ya mabegani, akamfunika mwanawe na kumwondoa uwanjani.

"Mama, unaharibu sherehe," afisa akasema.

"Sherehe ya nani?" mama akauliza, bila kupaza sauti. "Kwangu nyasi nawapa ng'ombe."

Wanawake wakacheka, kisha mmoja mmoja wakaingia kuchukua watoto wao. Uwanjani akabaki mpiga ngoma, naye hakujua aendelee au aache.

Afisa alifunga sherehe kwa hotuba ndefu, akiwashukuru wananchi kwa kufufua mila zao. Wananchi walikuwa wameshaondoka. Akina mama walikuwa jikoni wakiwaotesha watoto moto. Mwaka uliofuata nilisikia amepandishwa cheo, amepelekwa kufufua mila za watu wengine.