Rubani Aliyenaswa Shambani kwa Bibi

Nilipokuwa mtoto kule Madaba, hakuna aliyethubutu kuvunja hata hindi moja shambani kwa bibi yangu. Ilisemekana shamba lile lina kago: dawa iliyozikwa ardhini, humnasa mwizi akabaki palepale mpaka mwenye shamba aje kumfungua. Na anayemgusa aliyenaswa hunaswa naye. Bibi alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo kanisani, kwa hiyo habari hizo zilisemwa pembeni tu. Mimi niliamini kabisa, na nilijivunia kidogo.

Mwaka ule viwavijeshi vilivamia mahindi ya shamba kubwa la jirani, na mwenyewe akaleta ndege ndogo ya kunyunyizia dawa. Asubuhi ya pili ilikata kona juu ya kwetu, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Ndege ikashuka ikiyumba, ikaburuzika kwa tumbo katikati ya mahindi ya Bibi mpaka ikagonga kichuguu.

Kijiji kizima kilikuja, kikasimama mpakani. Rubani tulimwona kupitia kioo kilichovunjika, mguu umebanwa, damu usoni. Aliinua mkono akatuita. Mafuta yalikuwa yanavuja, harufu yake ikatufikia. Hakuna aliyesogea. Wanaume niliowajua kuwa hodari walitazama chini.

"Mama Kolumba," mzee Gaudensi, jirani yetu, akamwambia Bibi, "kama kago ni lako, mfungue. Atafia pale."

Katekista alikuwa amesimama karibu kabisa. Bibi alimtazama, kisha akavua rozari shingoni, akanipa nishike.

"Ni langu," akasema.

Akaingia shambani peke yake. Akachota udongo, akampaka rubani kwenye paji la uso, akasema kwa sauti tuliyoisikia wote, "Mimi niliyefunga, nimefungua. Njooni mmtoe."

Wakaenda mbio na mashoka. Walikuwa hawajafika naye barabarani wakati moto uliposhika ndege.

Rubani alipona. Bibi alivuliwa uenyekiti Jumapili iliyofuata, na kwa miaka mingi alikaa benchi la nyuma bila kupokea komunyo. Majirani waliacha kutuma watoto kuomba chumvi kwake. Nami, nasema ukweli, nilimwonea aibu. Niliacha kuongozana naye kwenda misa.

Nilipokuwa tayari mwalimu hapa Songea, alikuja kuugulia kwangu Mjimwema. Siku moja nikamwuliza alizika nini, na wapi.

"Sikuzika kitu," akasema. "Walisema wenyewe. Nami nikanyamaza, maana mahindi yangu yalikuwa salama."

"Kwa nini hukuwaambia siku ile, Bibi?"

"Mafuta yanavuja, mjukuu wangu, nianze kufundisha?"

"Na baadaye?"

"Mshirikina akikana, ndiyo wanazidi kuamini."

Akageukia ukutani akalala. Hatukulizungumza tena, na hakumaliza mwezi.

Nawafundisha watoto wa watu kwamba kago hakuna, na ni kweli, hakuna. Lakini najua pia kwamba siku ile ukweli usingemtoa mtu yule ndani ya ndege. Bibi alikuwa na jina lake jema tu, akalitoa, na gharama yake aliijua kabla hajatia mguu shambani. Kumdhania vibaya nilishajisamehe, nilikuwa mtoto. Ninachoshindwa kujisamehe ni zile Jumapili zote nilizomwacha atembee peke yake.