Harufu Chini ya Kiti

Niliingia kijiji cha Machochwe nikitafuta kazi yoyote, nikapata ya kupakia mahindi kwenye Landrova ya kijiji. Shule niliiacha darasa la tano, ila gari lolote lililofunuliwa boneti lilinisimamisha.

Siku hizo dereva alikuwa amenyang'anywa ufunguo kwenye mkutano wa kijiji. Petroli ilikuwa ikipungua, chini ya gari hapakuwa na tone, na kila mtu alijua madumu ya magendo yanavuka mpaka pale Sirari. Alipewa wiki moja aeleze inakokwenda, la sivyo apelekwe polisi. Mwenyekiti akajaza tangi hadi mdomoni, akaweka mgambo alinde, akapima kwa kijiti baada ya siku nzima ya jua. Imepungua.

"Basi na mgambo ni mwizi," mzee mmoja akasema.

"Labda anakunywa," mwingine akajibu. Watu wakacheka. Mgambo hakucheka.

Mimi na dereva tulilala chini ya gari asubuhi mbili, tukipapasa tangi na bomba. Pakavu. Lakini ukikaa kwenye kiti, harufu inakupanda puani.

Siku ya tatu, nyumbani kwake, mkewe alikuwa anafukiza kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto, kama wafanyavyo huko. Aliziba mdomo wa kibuyu kwa kiganja, akakigeuza. Uzi wa moshi ukatoka shingoni, mahali ambapo sikuona ufa.

"Hiki kimekufa," akasema.

"Kinavuja maziwa?"

"Kikijaa. Ninyi mnatafuta chini tu."

Tuling'oa kiti. Juu ya tangi, lililokaa chini yake, palikuwa na mpira mwembamba wa kupitisha hewa. Tuliuchomoa, tukaenda nao mbali kabisa na gari. Dereva aliziba ncha moja kwa kidole, mimi nikapuliza moshi wa sigara kwenye ncha nyingine. Moshi ukatokea katikati, penye ufa mdogo kuliko ukucha. Tangi likijaa na jua likiwaka, petroli ilipanda humo, ikatoka na kukauka juu ya bati kabla haijafika chini.

Mwenyekiti alikuja, akapuliza mwenyewe, akakohoa. Akatoa ufunguo mfukoni.

"Hapana, ndugu mwenyekiti," dereva akasema. "Uliuchukua mbele ya watu."

"Mahindi yanasubiri."

"Yasubiri."

Tulikata penye ufa, tukaunga kwa kibomba cha chuma na waya. Landrova ilikaa siku mbili imepona, haisogei, nami nikakaa bila kazi. Kisha mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti akasema hakuna aliyeiba, mpira ulipasuka. Mgambo naye alitajwa, kwa sauti ya chini kidogo. Dereva akapokea ufunguo kwa mikono miwili, akarudi kuketi kwenye nyasi, akasikiliza habari za majosho ya ng'ombe mpaka mwisho.