Maoni Yetu juu ya Ziwa Lisilo na Mpaka

Maoni ya kwanza juu ya kile kitabu yalitolewa na bibi mmoja jirani yangu, huku akitoa vijiwe kwenye dagaa. Alisema mwandishi atakataliwa.

"Huyu mutu batamukatala asubui na mapema," alisema. "Histoire yake, habari yake, haiko sawa. Kila mutu anajua mupaka ilipita mu ziwa. Yeye anasema haikupita. Bakimuuliza mara ya pili, anaanguka."

Wenzake wakaguna kukubali. Mmoja alimhurumia hasa mwandishi, akauliza kama hakuna ndugu wa kumnong'oneza kabla hajaitwa ofisini.

Kwa asiyetujua, hapo inabidi nieleze. Sisi ni wanawake wa ng'ambo. Tulivuka Ziwa Mweru kwa mitumbwi vita vilipofika kwetu, tukapokelewa upande wa Zambia, katika kituo cha Kenani, kisha tukapewa mashamba kwenye makazi ya wakimbizi. Siku za soko tunashuka Nchelenge kununua chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa hili. Tunawaanika juu ya nyavu mchangani na kuwachambua. Kazi hiyo inataka vidole vyepesi, na vyangu ni vizito. Samaki mmoja namgeuza na kumkagua kama ninayemtafutia mume. Wenzangu walichoka kunisubiri. Wakaniambia afadhali nikae kwenye kivuli cha kibanda niwasomee kitu, nao watachambua fungu langu. Sikubisha hata kidogo.

Kitabu nilikiokoa kwenye mzigo wa karatasi kuukuu ambazo mfanyabiashara mmoja wa Kilwa, ile Kilwa ya kwetu ng'ambo ya ziwa, huvusha za kufungia samaki. Jalada lilikuwa limeng'oka, kwa hiyo hata jina la mwandishi hatukulijua. Kiliandikwa kwa Kifaransa, nami nilikigeuza Kiswahili papo hapo. Kilisimulia kwamba wazungu walipokuja na ramani zao, watu wa ziwa waliwalisha, wakawasikiliza, wakawarudisha walikotoka, na mstari haukuchorwa kamwe. Shaba ikabaki nyumbani. Wajukuu wa watu hao wakatengeneza vyombo vinavyokwenda kwa jua, vinavyoruka kimo cha mtu juu ya maji, na anayesimulia ni nahodha wa chombo kimoja. Asubuhi yuko Kilwa, kabla chai haijapoa yuko Nchelenge, na hakuna anayemuuliza karatasi.

Sasa, ukifika ukimbizini, unaulizwa habari zako mezani: ulitoka kijiji gani, nani alikufa, nani alibaki. Miezi ikipita unaulizwa tena yale yale. Ukisema leo Jumanne na kesho Jumatano, umejiponza: wanakufungia dosye, yaani faili lako. Tumejifunza kuyasema maisha yetu kama sala ya Baba Yetu, bila kuruka neno. Wenzangu walikuwa wakimsikiliza yule mwandishi kama mtu aliyekaa mbele ya meza hiyo, na walimwona anazama.

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kisha nikawaambia kwamba huyu mtu anajua vizuri sana kwamba mpaka ulipita. Ameamua tu kuuliza: na kama usingepita?

Bibi aliacha vijiwe vyake.

"Na hakuna mutu anamufungia dosye?"

"Hakuna, bibi. Tena wanamulipa."

"Yesu wangu," akasema, polepole kabisa. "Kumbe inaruhusiwa."

Mimi nimesoma tangu utoto, na nilidhani navijua vitabu. Siku hiyo niliona aibu kidogo na mshangao mwingi. Kitu nilichokuwa nikikifungua na kukifunga kama mlango wa jiko kilimfanya mwanamke mzima ashike kifua. Nilikishika kile kitabu kwa mikono miwili.

Tangu hapo maoni hayakukauka. Mmoja alilalamika kwamba hata ugali haumo: "Bantu banaruka juu ya maji, kitabu kizima hakuna mutu anakula bukari!" Mwingine alisema kwenye ng'ambo ya kitabuni duka lake bado limesimama, na akatutajia bidhaa zake rafu kwa rafu. Mama wa Kizambia anayetukodisha nyavu, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, alikipinga kitabu waziwazi. "Awe," alisema, yaani hapana. "Kama mupaka hakuna, ninyi munabaki kwenu. Mimi nagombana na nani hapa?" Tulicheka, lakini nadhani alisema kweli tupu.

Yaya yangu, dada yangu mkubwa, hakutoa maoni. Yeye alikuwa akisubiri boti.

Siku tuliyovuka, mitumbwi ilikuwa miwili. Mimi na yaya tulipata nafasi katika wa kwanza. Mwanawe akaingia wa pili, akatupungia mkono kuonyesha kwamba yuko nyuma yetu. Upepo ukainuka katikati ya ziwa, na mtumbwi ule hatukuuona tena. Ofisini walimuuliza yaya kama mwanawe ni hai au amekufa. Akajibu, "Iko nyuma, anakuya." Walipomuuliza tena alijibu vilevile, na akaendelea kujibu hivyo kwa kila mtu.

Kwetu, mtu akimezwa na maji na mwili usipatikane, ukoo huzika nguo yake. Watu hukaa kilio, hunyoa nywele, kisha mama huruhusiwa kuishi tena. Yaya alikuwa na shati la buluu la mwanawe, na alikataa kulitoa. Mjomba alimsihi, mchungaji alimsihi, mimi nilimsihi mpaka tukanuniana. Alisema akilizika atakuwa amemuua kwa mkono wake. Shamba lake alilima nusu. Nywele hakusuka. Kila boti la ng'ambo lilipotia nanga alikuwa majini mpaka magotini, akiuliza abiria, na nguo zake hazikupata kukauka vizuri. Alikuwa akikonda, nami niliogopa kwamba ziwa litachukua wawili.

Basi siku moja ya jua kali nilifika kwenye ukurasa ambapo nahodha anaondoka Kilwa. Chombo kimeshainuka, abiria wamekaa, ndipo anaona mtoto anakuja mbio na kifurushi. Anashusha chombo. Mtoto anapanda, wanavuka, wanakula samaki Nchelenge. Ni mistari michache, na mwandishi anaipita haraka kwenda kwenye mambo ya injini zake.

"Rudilia apo," akasema yaya.

Nikarudia. Mikono yote ilisimama juu ya nyavu.

"Alivaa nini?"

"Kitabu hakisemi, yaya."

"Shati ya bulu."

Hakuna aliyemsahihisha. Sisi tunaojua adhabu ya kuongeza neno katika habari, tuliliacha lipite. Mama wa nyavu, yule mpinzani, ndiye aliyeitikia. "Ee, mayo, mama," alisema. "Ya bulu."

Yaya alichukua samaki mmoja, akamtazama, akamweka kwenye lundo la wazuri. Kisha akatoa maoni yake juu ya kitabu.

"Ule mwandishi hasemi bongo, hasemi uongo. Kule, mutoto alifika. Nahodha alimungoya." Akachukua samaki mwingine. "Apa alikufa. Alikufa mu maji."

Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Sisi wote tulikuwa tumemtaka yaya achague jibu moja, kama watu wa mezani, na mtu asiye na jina, ambaye labda hajawahi kuliona ziwa letu, alikuwa amempa nafasi ya majibu mawili. Hata leo sielewi vizuri jinsi ilivyowezekana, na sitaki kujifanya ninaelewa.

Jumapili iliyofuata alilitoa shati. Lilikuwa limekunjwa vizuri, dogo kuliko nilivyolikumbuka. Tulilizika kwenye makazi, tukakaa kilio, tukalia kwa sauti kama inavyotakiwa. Mchungaji alipomwita aseme neno la mwisho juu ya marehemu, nilidhani atataja vyombo vinavyoruka na kumchanganya mtu wa Mungu. Alisema tu mwanawe alipenda kuchekesha watu, na kwamba alikufa akivuka. Kisha akainamisha kichwa kunyolewa.

Siku ya soko tukashuka tena Nchelenge. Jua lilikuwa zuri, chisense walikuwa wengi, bibi alikuwa ameshaanza kumkosoa nahodha kwa kutooa. Nilikuwa katikati ya ukurasa niliposikia injini, na boti la ng'ambo likaingia likiwa limejaa watu na magunia. Nikaacha kusoma kwa mazoea. Wote tukamtazama yaya.

Alikuwa na kitambaa kipya juu ya kichwa kilichonyolewa. Abiria wakaruka majini, mmoja baada ya mwingine, wakapandisha mizigo yao mchangani, wakatupita. Yaya hakuinuka. Sketi yake ilikuwa kavu.

"Soma," akaniambia.