Shavu la Shukuru na Kopo la Mise

Naitwa Tausi, mama wa watoto watatu, mkazi wa Kasingirima hapa Ujiji. Nasimulia nikiwa mzima, alhamdulillahi, na nasimulia polepole, kwa sababu ugonjwa wangu nao uliingia polepole, tena kwa mlango wa uzuri.

Kabla ya hayo nilikuwa mwanikaji wa dagaa. Asubuhi mitumbwi ikirudi, sisi wanawake tunapokea, tunaosha, tunatandaza juu ya vichanja. Jua likipanda ufukwe wote unakuwa rangi ya fedha, na ukitazama kwa macho mazito ya usingizi hujui dagaa wameishia wapi na ziwa limeanzia wapi. Niliipenda sana saa hiyo. Ngozi yangu niliipaka mise, yale mafuta meusi ya kokwa za mchikichi, kama mama alivyonipaka mimi. Sikuwahi kuifikiria ngozi. Nani huifikiria nguo ambayo haijachanika?

Mimba ya mwanangu wa mwisho, Shukuru, iliniletea mabaka usoni. Yalikaa kwenye mashavu na juu ya mdomo, ya kahawia, kama kivuli cha majani. Sasa, kwetu mzazi hukaa ndani, na siku ya arobaini hutolewa. Ndugu wanakuja, mzazi anavishwa, anapakwa mafuta, anatazamwa. Wifi yangu Mwamini, dada wa mume wangu, anayeuza vipodozi sokoni, alinishika kidevu akaugeuza uso wangu huku na huku.

"Wifi, utatoka na ramani hiyo?"

"Ramani ya wapi?"

"Naona hapa Kongo, hapa Burundi. Ziwa ndiyo pua."

Tukacheka mpaka mtoto akaamka. Siku iliyofuata akaja na mirija miwili ya krimu na kikopo kisicho na maandishi, akachanganya vyote ndani ya kopo la mise. Niliogopa kidogo. Mama mkwe wangu, Bi Hawa, ndiye aliyenitoa wasiwasi. "Mise yanapoza kila kitu," alisema. "Hata mtoto mchanga anapakwa." Hivyo ndivyo tulivyoamini wote: kikali chochote kikiingia ndani ya mise kinakuwa kipole.

Na kweli, uso ulitakata. Siku ya arobaini nilikaa juu ya mkeka, wanawake wakapiga vigelegele, nikajiona ninaelea. Nikaendelea kupaka, usoni, shingoni, hadi kifuani. Nilirudi ufukweni naye Shukuru mgongoni, na uso wangu mpya.

Jua ndilo lililonishtua kwanza. Lilikuwa jua lile lile, lakini sasa lilinichoma kama mtu aliyenikaribia mno na kijinga cha moto. Mashavu yakawa mekundu. Vimishipa vidogo vikajitokeza, vipele vya usaha vikafuata, vinyweleo vikaota kidevuni. Nikikuna kidogo tu, ngozi inachubuka na kutoa majimaji. Nikaacha kupaka. Mungu wangu! Uso ulivimba, macho yakabaki mistari. Nikapaka tena, kufikia jioni ukatulia. Nikasema moyoni, basi hii ndiyo dawa yangu. Nikawa nazunguka humo humo: naacha, nawaka, napaka, natulia, na kila mzunguko moto unazidi.

Adhuhuri moja Bi Hawa alikuwa anamwogesha Shukuru, ambaye alikwishaanza kutambaa. Akamnyanyua kwenye mwanga wa mlango, akamgeuza uso huku na huku. Kisha akaniita, si kwa sauti yake ya kawaida.

"Mwanangu, njoo. Mtazame huyu."

Shavu la kushoto la Shukuru lilikuwa jeupe kuliko la kulia. Ngozi yake ilikuwa imelainika kama karatasi iliyolowana. Shavu hilo ndilo alilopenda kulilaza juu ya kifua changu akinyonya na kusinzia. Nikamchukua mikononi. Mimi nilijua ninaungua peke yangu.

Tulikwenda hospitali mjini Kigoma, mimi, Bi Hawa na Mwamini aliyebeba mirija yake kwenye mfuko. Daktari wa ngozi alikuwa mama mtulivu. Alimtazama mtoto kwanza, ndipo akanitazama mimi, kisha akapanga vitu vyetu mezani.

"Huu mrija una klobetasoli," alisema. "Ni steroidi kali. Ni dawa halali, tunampa mgonjwa anayeihitaji, kwa muda mfupi. Inainyamazisha ngozi inayowaka. Lakini ukiipaka kila siku ngozi inakuwa nyembamba, na ukiikatisha ghafla, inapiga kelele zote ilizokuwa imezibana."

Hapo nikaelewa mzunguko wangu. Haikuwa ikiniponya. Ilikuwa ikiniziba mdomo.

Akashika wa pili. "Hii haidrokwinoni. Inazuia ngozi kutengeneza rangi yake. Nayo ina kazi yake, kwa uangalizi. Sasa, mama, rangi yako ni mwavuli wako. Umeufunga mwavuli, halafu ukaenda kuanika dagaa."

Kikopo kisicho na maandishi hakukifungua. "Hiki sikijui. Ninachohofia ni zebaki. Inapenya mwilini, inaumiza figo, na kwa mtoto ni hatari zaidi, hata kwa njia ya maziwa. Tutapima. Mpaka majibu yatoke, asinyonye. Mpeni uji na maziwa mengine."

Bi Hawa alijikaza. "Na mise, daktari? Nayo mabaya?"

"Mise hayana kosa, bibi. Yamebebeshwa mzigo. Mafuta yanalainisha, yanazuia maji ya ngozi yasitoke. Kupoza dawa hayawezi. Dawa kali ndani ya mise ni kali vile vile."

Alinipa steroidi hafifu ya kupunguza kidogo kidogo, ili nisishuke kwa kishindo, na vidonge vya vipele. Akaniambia ukweli: "Itawaka kabla ya kupoa. Ukirudi kwenye lile kopo, tunaanza upya."

Siku zile nazikumbuka kama ndoto ya homa. Nililala chumbani, dirisha limefunikwa kanga, uso chini ya kitambaa kilicholowana. Mchana ulikuwa na rangi ya chai. Nilisikia ziwa, na mara nyingine nilijiona nimo ndani yake, nimelala juu ya mawe ya chini, maji yamenifunika, angavu kiasi kwamba samaki walionekana wanapita kwenye hewa. Ngozi yangu ilinitoka taratibu, ikaelea juu kama kanga iliyoachwa na mfuaji, nami nikaitazama ikienda, bila hofu. Halafu Shukuru alilia chumba cha pili, maziwa yakanitiririka yenyewe, na ndoto ikakatika. Alilitaka ziwa langu akapewa kikombe. Kilio hicho kiliniuma kuliko uso.

Siku uso ulipofika kilele cha moto, Mwamini aliingia, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa na kopo jingine ndani ya mtandio.

"Wifi, paka tone tu. Siwezi kukuona hivi, na mimi ndiye niliyekuletea."

Nililitazama lile kopo. Nisiwafiche, nililitamani kama mwenye kiu. Nilijua kabisa kwamba kufikia magharibi ningelala usingizi mtamu. Ng'ambo ya ukuta Shukuru alikuwa ananiita kwa lugha yake isiyo na maneno.

"Wifi," nikasema, "nikipaka, yule nitamlaza wapi? Litupe. Nishikie mkono tu."

Alinishika. Alilia yeye, nikambembeleza mimi mgonjwa. Tukakaa hivyo mpaka adhana ya alasiri, na kwa mara ya kwanza moto ulipungua bila kupewa kitu.

Majibu yalikuja: zebaki haikuonekana, figo zangu salama, na za mtoto salama. Nililisikia neno "anaweza kunyonya" kama mvua juu ya bati. Shavu la Shukuru lilirudisha rangi yake taratibu, kuanzia pembeni, kama maji yanavyorudi mchangani. Uso wangu ulichelewa. Mpaka leo vimishipa viwili vitatu vimebaki karibu na pua, na mabaka ya mimba hayajaisha yote. Nimeyaachia yakae; hayali chakula changu.

Niliporudi kwenye vichanja nimevaa kofia pana, uso mweupe kwa krimu ya jua yenye zinki, wenzangu hawakuniacha.

"Jamani, unga umeshuka bei?"

"Huyu katoka kusaga muhogo!"

Nilicheka nao. Kisha nikawaeleza, kama ninavyokueleza wewe. Zinki hukaa juu ya ngozi na kulirudisha jua. Gliserini huvuta maji na kuyashika, ndiyo maana ngozi kavu huipenda. Mafuta ya mgando hufunika maji hayo, kama kifuniko cha sufuria. Yapake baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado mbichi. Mise nayo hufunika, mradi yawe mise matupu. Naisinamidi, ukiiona imeandikwa kwenye krimu, husaidia ukuta wa ngozi kusimama na hufifisha mabaka bila haraka. Kitu kisichoandikwa kilichomo, usikitie mwilini, hata kama anayekuuzia anakupenda. Mwamini ananipenda, na sasa hauzi tena vya kuchanganya.

Na wewe uliyemo ndani ya mzunguko nilimokuwa, usikatishe ghafla peke yako, wala usijifiche kwa aibu. Nenda hospitali na makopo yako yote. Utawaka, ndiyo. Utapoa pia. Ngozi inajua njia ya kurudi nyumbani, inaomba tu muda.

Nawashukuru daktari wangu, Bi Hawa aliyetazama kwa makini, na wifi aliyenishika mkono. Zaidi namshukuru Mola. Shukuru sasa anatembea, anaanguka, anakimbilia kwangu na machozi. Akilaza shavu kifuani pangu, ananikuta mimi tu.