Mafuta ya Kumpaka Mtoto

Kaka yangu anauza makaa mtaani Kamwokya, na wiki ile mke wake alipojifungua mtoto wao wa kwanza nilitamani kumzaba kaka kibao mbele ya wageni.

Sisi ni watoto wa askari. Tumekulia kambini hapa Kampala, lakini mama hajaacha ya kwao kaskazini. Kwao mtoto mchanga hupakwa mafuta ya yaa, ule mti ambao wanawake huokota kokwa zake, wakazikaanga, wakazisaga na kuzichemsha mpaka mafuta yaelee. Mimi nilipakwa, kaka alipakwa. Kwa hiyo mama alimpigia simu dada yake kijijini amtumie chupa moja kwa basi.

Alisikiliza, akakata simu bila kuaga. Kisha akamgeukia kaka.

"Dada yangu nasema mafuta hakuna. Yeye nasema miti ya shamba ya bibi yenu umekata wewe."

Kaka hakukana. Alikuwa amepeleka watu na lori kijijini, miti ikakatwa na kuchomwa makaa. Makaa ya yaa ni mazito, yanakaa na moto, na wateja wake wanayagombania. Mti ambao bibi hakukubali hata tawi lake liwashe moto wa uji, mjukuu wake kautia guniani!

"Mama, unasumbuka bure," alisema. "Mtu napata njia siku zote. Makaa ikiisha, tutapika na gesi. Mafuta ya mtoto iko mingi dukani."

Hapo nikapandwa na mori. Maneno hayo nimeyasikia mno mjini hapa, na anayeyasema huwa ndiye mwenye shoka. Eti binadamu ana akili, hakwami. Akili gani, ya kula mbegu? Nilimwambia gesi yake haizai kokwa, mvua haiuzwi dukani, na maendeleo yanayoanza kwa kumaliza cha mama yako ni wizi tu. Sikujali jirani wanasikia. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwake alikuwa amelala pale kwenye kitenge, ngozi imekauka, inabanduka miguuni.

Kaka akainama. "Basi nitapanda ingine," akasema. "Nitapanda mingi."

Mama hakupandisha sauti. Alikuwa anamfunika mtoto.

"Panda. Lakini ile mti nakawia sana. Huyu atakuwa mtu mzima, ataoa, bado haijazaa. Hii mafuta unapandia mjukuu wako. Huyu wako umeshamnyima."

Kaka alimtazama mtoto kwa muda mrefu, macho yakamlowa, na mimi nikaanza kumwonea huruma. Halafu simu yake ikaita: lori jingine la makaa limeingia kutoka kaskazini, wateja wanangoja.

Alijifuta macho kwa kiganja, akavaa viatu, akaenda kulipokea.