Midomo ya Mubirizi

Jirani anatwanga majani ya mubirizi, na harufu yake kali imenirudisha Ujiji, kwa bibi. Mdogo wangu alikuwa na homa, na maji ya majani hayo aliyakataa kwa uchungu wake. Mpangaji wetu, dada mmoja wa chuo, aliweka jani kwenye hadubini, akaniita nichungulie. Niliona vinywele, na vitundu kama midomo, vimejaa tele.

"Jani linapumulia hapo," akasema.

"Na dawa iko wapi?"

"Haionekani."

Nikakimbilia kitandani kwa mdogo wangu. "We, majani yana midomo! Nimeiona!"

"Yanasema nini?"

"Yanakusengenya, muoga wewe. Kunywa, kesho tukaogelee ziwani."

Akacheka, akamaliza kikombe chote. Alfajiri bibi alipomfunika uso, kaptula yake ya kuogelea nilikuwa nimeshaikunja pembeni yake.